Akili Yangu Iko Shingoni

Nikikaa kwenye sofa mimi ni mjinga. Sisemi hivyo kwa kujidharau, nasema kwa uzoefu. Nizamishe kwenye kile kiti cha sponji, magoti yakaribie kidevu, halafu uniulize mtaa ninaoishi, utanionea huruma. Nitachekacheka, nitasema "ndiyo" mahali pa "hapana", na majibu yote ya maana yatanijia nikiwa nimesimama mlangoni naaga. Watu wa nyumbani kwangu wameshanijua. Wakitaka nikubali jambo la kipuuzi huniambia, "Mama, kaa kwanza upumzike."

Ndiyo maana naandika nikiwa nimesimama, karatasi zikiwa juu ya kabati la vyombo. Sentensi zikigoma kabisa, naweka kitu kichwani na kutembea jikoni huku na huku. Kamusi inafaa sana kwa kazi hiyo, ni nzito na haitelezi. Juzi jirani alichungulia dirishani akaniona nimebeba kamusi utosini, naongea peke yangu, akageuka akaenda zake kimya. Mwache aende. Yeye hakuwa kwetu mwaka ule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mtu anayesubiri matokeo nyumbani hupewa kazi zote ambazo hakuna mwingine anayezitaka. Yangu ilikuwa maji, kama ilivyokuwa hata nilipokuwa bado nasoma. Tuliishi upande wa Malinya, nyumba yetu ikiwa juu ya mteremko wenye mawe makubwa, na chemchemi ikiwa chini kabisa. Nilikuwa napanda na kushuka mara tano kwa siku, na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, wa manjano, uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Kati ya mtungi na fuvu langu kulikuwa na ngata, kile kiduara cha majani makavu ya mgomba tunachokiviringa ili mzigo ukae.

Wewe ambaye hujawahi kubeba maji kichwani, nikuelezee. Ukiwa na lita ishirini utosini huwezi kuinama. Huwezi kutazama miguu yako wala kukunja mabega. Kidevu kinanyooka, kifua kinafunguka, pumzi inaingia hadi tumboni, upende usipende. Na kwangu mimi, akili nayo inafunguka papo hapo. Haki ya Mungu, mteremko ule ulinijua kama wakili! Mtu akinitukana sokoni Jumatatu, Jumanne nikitoka chemchemini nilikuwa na majibu saba ya kumtosha yeye na ukoo wake. Nilijibu maswali ya mtihani niliyoyaacha wazi. Niliwagombeza walimu. Nilikuwa napasua hoja peke yangu kati ya mahindi, shingo imesimama, nikifika nyumbani nikituliwa mtungi na kuinama kuwasha moto, basi, kwisha. Nilikuwa tena yule msichana wa "ndiyo, baba" na "ni sawa, mama."

Kwa kuwa hutazami chini, unahesabu hatua. Ndivyo mama alivyonifundisha nilipokuwa mdogo: ukifika hatua fulani inua mguu, kuna jiwe, ukifika nyingine pinda kidogo, kuna mzizi. Yeye alikuwa na hesabu ya njia nzima. Mimi sikuwa na subira hiyo, maana sehemu ya chini nilikuwa nagombana na watu wangu. Nilianza kuhesabu kwenye mikonge, pale shingo inapoanza kuuma na unatamani kufika. Kutoka kwenye mikonge hadi mlango wa jikoni letu: hatua arobaini na moja.

Mikonge hiyo ndiyo iliyokuwa mpaka. Chini yake ni shamba la baba mdogo, mdogo wake baba yangu, na njia ya maji ilipita humo, ya kila mtu. Juu yake ni kwetu: migomba ya mama, mrenda wake, kunde zake, kisha jikoni, kisha nyumba. Babu ndiye aliyewagawia wanawe wawili, na wakati wa kugawa alizika makaa na vigae vya chungu chini ya mikonge, kama desturi ilivyo, ili wajukuu wakija kubishana wachimbe waone.

Baba alipofariki, mikonge ilianza kutembea.

Sikuelewa mara moja. Msimu mmoja nilihesabu thelathini na saba, nikajiambia labda miguu imerefuka. Msimu uliofuata, thelathini na mbili. Migomba minne ya mama ilikuwa sasa inakaa upande wa baba mdogo, na mama mdogo, mkewe, alikuwa anakata mikungu yake bila hata kuona aibu. Na ile ndiyo iliyokuwa chakula chetu. Mshahara wa baba ulikuwa umekwenda naye kaburini. Tulikuwa tunakula kilichoota kati ya mikonge na jikoni, basi. Misimu mingine miwili na mama angekuwa anachuma mboga kwenye kizingiti.

Niliamini mama angepiga kelele. Wapi! Tangu mazishi alikuwa amekunjika. Watu wa kanisa walikuja wakasema mjane apumzike, na mimi kwa huruma zangu nikachukua mtungi kutoka kichwani kwake nikasema, "Mama, wewe kaa." Akakaa. Alikaa kwenye kile kigoda kifupi cha jikoni, magoti juu, uso kwenye majivu, na kila unachomwambia anajibu, "Ni sawa." Mikonge imesogea, mama. Ni sawa. Wamekata ndizi yako, mama. Ni sawa. Nilikuwa nataka kumtikisa. Na nilikuwa naona aibu kutaka kumtikisa.

Mwishowe ni mimi niliyeenda kwa liguru, mzee wa kijiji, kushtaki. Nilimkuta njiani nikiwa na mtungi kichwani, ndiyo maana niliweza. Akaitisha kikao uani kwa baba mdogo.

Sasa niambie nani alitunga sheria hii: wanaume walikalia viti vilivyoazimwa kanisani, na sisi wanawake tukakalia nyasi, miguu imenyooshwa mbele kama ya mwanasesere. Kutoka pale chini unaona soli za viatu na tundu za pua. Ili umwone msemaji inabidi ukunje shingo nyuma, na ukichoka unatazama vidole vyako vya miguu. Nilikuwa nimekuja na hoja, nazikumbuka, nilikuwa nimezipanga vizuri. Liguru akauliza, "Msichana, wewe ulikuwa unasemanga nini juu ya mikonge?" Nikafungua mdomo. Hola. Nikasema, "Imesogea." Akauliza imesogea kutoka wapi. Nikasema, "Kutoka pale ilikuwa." Wazee wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka.

Walichimba chini ya mikonge ilipo. Hakukuwa na makaa wala kigae. Baba mdogo, ambaye alikuwa amekalia kiti pekee chenye mikono, akasema mvua za miaka yote hiyo zimekwisha kuyabeba. Wazee wakatikisa vichwa, wakaahirisha hadi wiki iliyofuata ili wakate neno. Nilisimama, nikajipangusa nyasi, na kabla sijafika kwenye migomba hoja zote zilikuwa zimerudi, moja moja, zimejipanga. Nilipiga mgomba teke. Mguu uliniuma siku mbili.

Wiki iliyofuata tulikwenda tena. Mama akaketi kwenye nyasi, mimi nikawa nakunja magoti niketi kando yake, na hapo mama mdogo akatoa kichwa jikoni.

"Mwanangu, wazee wanataka chai na mtungi ni mkavu. Wewe ndio una miguu myepesi. Kimbia basi."

Alinipa mtungi mkononi akitabasamu. Nilijua ninaondolewa. Kila mtu alijua. Lakini msichana anayekataa kuwachotea wazee maji ya chai, huyo ameshapoteza kesi. Nikashuka nikilia kwa hasira, nikajaza, mwanamke mmoja niliyemkuta pale akanitwika, nikaanza kupanda.

Machozi hayakai ukiwa na lita ishirini kichwani. Yanashuka hadi kwenye kidevu na kukauka, maana huwezi kuinama uyafute. Kufikia katikati ya mteremko nilikuwa nimeacha kulia na nilikuwa nimekasirika vizuri, kwa mpangilio.

Nilipoingia uani liguru alikuwa anasema, "Basi, kama hakuna mwenye neno, mikonge ikae pale iko."

"Mimi niko na neno," nikasema.

Wote wakageuka. Liguru akaninyooshea kidole kwenye nyasi. "Keti chini basi, useme."

"Siwezi kuketi, mzee. Nina maji."

Wacha we! Hapo ndipo walipokwama. Mtungi wa lita ishirini hautuliwi na mtu mmoja, lazima mwenzako akushikie. Na mwanaume wa kwetu wa miaka ile, tena mzee, tena mbele ya wenzake, amtue mwanamke maji? Angechekwa hadi Kakamega mjini. Wakatazama jikoni, mama mdogo amtue mtoto, lakini mama mdogo alikuwa ameshasikia sauti yangu na amejichimbia ndani, hata moshi hautoki. Mama yangu alikuwa anatazama vidole vyake. Kwa hiyo nilibaki nimesimama, na aliyesimama na mzigo humwambii asubiri. Liguru akashusha pumzi. "Sema."

Nikasema! Niliwaambia kwamba anayebeba maji hatazami chini, kwa hivyo anahesabu. Niliwaambia arobaini na moja, kisha thelathini na saba, kisha thelathini na mbili. "Nyumba yetu haina miguu," nikasema, "na jikoni letu halijawahi kutembea. Kama kuna kitu kimetembea, ni mikonge. Makaa hayaozi, wazee wangu, nyinyi wenyewe mnajua. Hamkuyapata kwa sababu mlichimba mahali ambapo babu hakuyaweka."

Kutoka juu kule niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: baba mdogo ana upara utosini, mdogo, mviringo, unaong'aa jasho. Miaka yote nilikuwa nikimwona mtu mkubwa sana. Akasema, "Huyu mtoto amesomeshwa sana," na hakuna aliyecheka.

"Twendeni nikahesabu," nikasema. "Mje na jembe."

Tukaenda. Mimi mbele na mtungi wangu, liguru nyuma yangu, wazee nyuma yake, mmoja wao akiwa na sululu. Huyo alikuwa amechimba dhahabu maisha yake yote na hakuacha sululu nyumbani hata siku ya kanisa. Tulikuwa kama watu wanaompeleka fahali uwanjani kupigana, tumepungukiwa na ngoma tu. Nikafika kwenye mlango wa jikoni letu, nikageuka, nikaanza kushuka, nikihesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu. Nilipita mikonge ya uongo bila kuitazama, nikaingia kwenye mahindi ya baba mdogo. Arobaini! Arobaini na moja!

"Hapa. Chimbeni."

Yule mzee wa dhahabu akachimba. Akachimba kulia kwa njia, akachimba kushoto. Udongo, udongo, nyungunyungu, udongo.

Baba mdogo akacheka hadi akashika mbavu. "Anataka mpaka ufike chemchemini! Wazee, mumwongeze kidogo, apate na samaki!"

Sasa wote wakacheka. Shingo yangu, ambayo haikuwa imetetereka tangu chemchemini, ikaanza kuregea. Maji yakamwagika kidogo yakaniingia sikioni. Nikaanza kufikiri kwamba labda nimekosea tangu mwanzo, labda ni miguu yangu kweli iliyorefuka, na tayari nilikuwa natafuta namna ya kusema samahani.

"Mtu habebi maji kushuka."

Nilidhani ni mwanamke mwingine. Sauti ilikuwa imekauka, imetoka mbali. Alikuwa mama yangu. Alikuwa ametufuata, amesimama mwisho kabisa wa msafara, bado ameinama, anaongea na ardhi.

"Nani anatoa maji nyumbani kupeleka chemchemini?" akasema. "Hiyo hesabu ni ya kupanda, na ya mtu aliyetulia. Wewe umeteremka ukiwa na hasira, umeruka kama swara. Leta huo mtungi."

Akaja akanitua. Na kisha, mbele ya wazee wote, akamimina maji yote ya chai kwenye mahindi ya shemeji yake, taratibu, hadi tone la mwisho, akashuka na mtungi mtupu kuelekea chemchemini. Tukamfuata. Wazee wengine walikuwa hawajafika chemchemini tangu walipokuwa wanapelekwa kuogeshwa, na viatu vyao viliteleza, na nakiri nilifurahi.

Akajaza. Akaviringa ngata upya, yangu hakuitaka, akasema imeregea. Akasimama mbele ya jiwe la kutwikia, nami nikapanda jiwe nikamtwika.

Ningependa uwe pale. Mtungi ulipogusa ngata, mama alinyooka. Si kidogo. Mgongo ulipanda, mabega yakarudi nyuma, kidevu kikaja mahali pake, na nikamwona mwanamke ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka miwili, yule aliyekuwa akiwafukuza mbuzi wa watu kwa sauti inayosikika hadi barabarani. Nilimfanyia nini mama yangu? Ndilo wazo lililonijia. Nilimvua mzigo nikidhani namhurumia, kumbe nilimwachia majivu tu ya kutazama.

"Moja," akasema.

Alipanda bila kushika mtungi kwa mkono. Alihesabu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu vikombe vya unga. Kwenye kumi na tisa aliinua mguu, na jiwe lilikuwepo. Kwenye sabini alipinda, na mzizi ulikuwepo. Liguru alijikwaa kwenye vyote viwili. Tulipita pale nilipochimbisha mimi, hakupatazama, akaenda hatua nyingine kadhaa, na akiwa bado katikati ya mahindi ya shemeji yake, akasimama.

"Mia mbili na kumi na mbili. Hapa, chini ya mguu wangu wa kulia, upande wa nje ya njia."

Mzee wa dhahabu akatema mate mikononi. Sululu ikaingia mara tatu, na mara ya nne ikatoa mlio. Akapiga magoti akachakura kwa vidole, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kutafuta vitu vidogo, akainua kigae cha chungu, cheusi, chenye mistari ya kusukwa shingoni. Chini yake kulikuwa na makaa, konzi nzima, makavu, hayana habari na mvua ya mtu yeyote.

Baba mdogo hakucheka. Alimtazama liguru, liguru akatazama mikonge kule juu, halafu akamtazama yeye, muda mrefu. Kisha liguru akafanya jambo ambalo sikutegemea. Akageuka akamwambia kijana wa baba mdogo alete kiti. Kile chenye mikono. Kikaletwa, kikawekwa pale pale katikati ya mahindi.

"Mama," akasema, "utuliwe maji, ukae tumalize maneno."

"Shemeji, kaa basi," baba mdogo naye akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu kibaya. "Tuongee kama ndugu. Hata chai haijanywewa."

Mama alikitazama kile kiti bila kuinamisha kichwa, kwa macho tu, jinsi anayebeba maji anavyotazama. Niliogopa. Nilijua vizuri yanayompata mtu akishaketi.

"Kwangu kuna viti," akasema. "Mikonge yako uitoe kabla ya jua kuzama, uirudishe hapa. Na maji haya ni ya nyumba yangu. Chai jichemshieni."

Akatuacha. Wazee wale wote, na kiti chao, na mimi, tulibaki kwenye mahindi tukimsikiliza akipanda, akianza upya kuanzia moja. Alipita migomba yake minne, akapita mikonge ya uongo, sauti ikizidi kwenda mbali lakini kila namba ikisikika. Liguru alikuwa anahesabu naye kwa mnong'ono, hata yule mzee wa dhahabu, midomo ilikuwa inacheza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.

Kisha tukasikia mlango wa jikoni letu ukilia bawaba.